Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka 2020, kwa wazazi wote wa Mji wa Kale, Mombasa

Assalam alaykum wazazi wenzangu, na majirani wasio Waislamu hamjambo. Shule zimefunguliwa tarehe 4 Januari 2021 alhamdulillah, ndo nimepata nafasi ya kuandika. Mambo ya pesa mweka hazina atasoma kwenye kikao, ni kidogo, na safari ya watoto haikufanyika kwa ajili ya korona.

Mimi nataka kuongea kuhusu watoto. Shule zilifungwa katikati ya Machi, halafu 6 Mei mtaa wetu ukafungwa sawa na Eastleigh ya Nairobi, hakuna kutoka hakuna kuingia, tena Ramadhani, misikiti imefungwa, madrasa pia, Idi ikatukuta ndani na uwanjani Makadara hakuna bembea. Sisi wakubwa tunahangaika na unga na kodi, tukaona mtoto akiwa na simu na bando basi yuko sawa. Wapi! Meseji zikaanza kuingia kwa grupu, huyu amerudi kukojoa kitandani na ashakua mkubwa, huyu tumbo lamuuma kila ikikaribia saa moja ya kafyu, yule hataki babake ashuke hata dukani. Na walishasikia habari ya yule mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi Kiamaiko kule Nairobi, yuko roshani kwao tu.

Nionavyo mimi wengi hawakuogopa korona yenyewe, waliogopa kuchukuliwa. Wamesikia mtu akipimwa apelekwa karantini, hawajui arudi lini, na sisi watoto wakipita twashusha sauti, basi yale wasiyoyasikia wakajaza wenyewe, na ya kujaza huwa mabaya zaidi.

Kilichosaidia ni kuwaambia wazi, mama akichukuliwa atakaa siku kadhaa, utaongea naye kwa simu, wewe utalala kwa bibi. Na ratiba, kuamka saa ile ile, Qurani asubuhi, masomo ya redio, jioni tiara juu ya dari. Zile voisi za vitendawili walizotuma mabibi zilisikilizwa kuliko kitu chochote, Zoom yetu nayo ilikufa wiki ya kwanza, bando nani anunue? Wababa mnisamehe lakini nyinyi mlinyamaza sana, mtoto wa kiume akiona babake hasemi naye hasemi.

Kuna mambo ya majumbani siwezi kuyaandika hapa, yalipelekwa kwa mzee wa mtaa na mengine simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo ni bure, naomba kila mtoto aijue kwa kichwa.

Sasa wamerudi darasani, msiwakimbize na mitihani tu. Nimeona wa darasa la 8, waliotangulia kurudi Oktoba, bado wanashtuka wakisikia ving'ora. Ombi langu ni hili, ile pesa ya safari tumlipe mshauri awe anakuja madrasa kila Jumamosi mpaka Ramadhani, na akae na wazazi pia. Anayepinga aje kikaoni aseme, tutapiga kura, na tafadhali mje na barakoa.