Barua kwa mwanangu aliye Philadelphia, juu ya warushaji wa akiba wa Twins

Brooklyn Park, Minnesota
Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na kwamba baridi ya huko haijakulemea kama hii yetu inavyotulemea sisi. Nyumbani sote tu salama. Baba yako anakusalimu, na anauliza kama lile koti lake ulilichukua kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu mara ya mwisho tulipozungumza juu ya Twins, timu yetu ya besiboli hapa Minnesota, hukuniachia nafasi ya kumaliza hata sentensi moja. Ulisema kwamba timu isiyo na warushaji wa akiba haiwezi kuitwa timu, kwamba mapumziko haya ya majira ya baridi yanapita bila wakubwa wa klabu kumsajili mtu wa maana, na kwamba kwa kuwa Jhoan Duran, aliyekuwa mrushaji wetu wa mwisho, sasa anawachezea Phillies wa huko kwako, nawe unaweza kupanda treni ya Broad Street ikakushusha karibu kabisa na uwanja wao, huoni sababu ya kuendelea kuumia kwa ajili ya Minnesota. Mjomba wako wa Nakuru ataisoma barua hii pia, maana ameniuliza mara nyingi ni jambo gani hili linalowagombanisha mama na mwanawe wakati hakuna hata mechi inayochezwa, kwa hiyo unistahimili nikifafanua mambo ambayo wewe unayajua tangu utotoni.

Besiboli ina awamu tisa, na mrushaji anayeanza mechi, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa upande wa pili, siku hizi mara nyingi huondolewa katika awamu ya tano au ya sita, mkono wake ukiwa umechoka na wapigaji wakiwa wameshamzoea. Wanaompokea ndio warushaji wa akiba, ambao hukaa katika kiwanja chao kidogo pembeni wakisubiri simu ya kocha. Yule wa mwisho wao, anayeletwa katika awamu ya tisa timu ikiongoza kwa pointi moja, mbili au tatu, kazi yake ni kufunga mechi, yaani kuulinda ushindi hadi mwisho, naye ni kama golikipa anayeingizwa kwa ajili ya penalti peke yake. Akifaulu, watu huona ametimiza wajibu wake tu. Akishindwa, hakuna anayekumbuka kazi nzuri iliyofanywa na wenzake kabla yake.

Sasa turejee kwenye ugomvi wetu. Mwishoni mwa Julai Twins waliwatoa wachezaji kumi wa kikosi chao katika siku chache, na watano kati yao walikuwa warushaji wa akiba: Duran akaenda Philadelphia, Griffin Jax Tampa Bay, Louis Varland Toronto, Brock Stewart Los Angeles na Danny Coulombe Texas. Kabla ya hapo timu ilikuwa imeshinda mechi 51 na kupoteza 57, jambo ambalo halikuwa la kujivunia lakini halikuwa aibu pia. Baada ya hapo ilishinda 19 tu kati ya 54 zilizobaki, ikamaliza na ushindi 70 na vipigo 92, kocha Rocco Baldelli akafukuzwa, na idadi ya watazamaji wa msimu mzima pale Target Field haikufika milioni 1.8. Wale waliobaki, akina Cole Sands na Justin Topa, walijikuta wakibebeshwa awamu ambazo mwezi mmoja kabla zilikuwa za watu wengine.

Nitakuambia jambo ambalo huenda usilipende: kuuzwa kwa Duran sikulalamikii. Timu iliyokuwa nyuma kiasi kile haikuwa na mechi nyingi za kufungiwa, na Phillies walitoa vijana wawili wa maana, mdakaji Eduardo Tait aliyekuwa bado na umri wa miaka 18 na mrushaji Mick Abel. Usisahau kwamba Duran mwenyewe aliletwa kwetu kwa njia hiyo hiyo, mwaka 2018, tulipompeleka Eduardo Escobar Arizona, na wakati ule hakuna aliyemjua. Kinachonikera ni Varland. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, aliyekulia upande wa St. Paul, mshahara wake ulikuwa mdogo, na klabu ilikuwa na haki naye hadi mwaka 2030. Hakukuwa na haraka yoyote. Toronto wakamchukua, na katika mtoano akacheza mechi 15 kati ya 18 walizocheza hadi fainali, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja wa mtoano. Kila alipotokea kwenye televisheni baba yako alikuwa akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesaini karatasi.

Unajua kwamba mchezo huu nilifundishwa na wazee wa kile kituo nilichofanyia kazi zamu za usiku ulipokuwa mdogo. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa utepe wa hospitali kwenye chuma cha pembeni mwa kitanda, na kila mlango wa kiwanja cha akiba ulipofunguliwa aliushika ule utepe kwa vidole viwili hadi awamu iishe. Alinisimulia habari za Ron Davis, ambaye katika miaka ya themanini alizomewa na uwanja mzima hata kabla hajarusha mpira, hadi klabu ikamuuza mwaka 1986. Februari iliyofuata, katikati ya mapumziko kama haya, wakamleta Jeff Reardon kutoka Montreal, na Oktoba 1987 akawa ndiye aliyesimama pale katikati timu ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza tangu ihamie Minnesota. Yule mzee aliamini kwamba ubingwa ule ulipatikana Februari. Nilipomuuliza juu ya ule wa 1991, alicheka, maana katika mechi ya mwisho Jack Morris alirusha awamu zote kumi peke yake, timu ikashinda 1–0, na hakuna mrushaji wa akiba aliyehitajika.

Kwa hiyo nakubali kwamba mtu anaweza kununuliwa wakati wa baridi na akaleta kombe wakati wa vuli. Hata hivyo, ukipitia waliotufungia mechi vizuri tangu miaka hiyo, utaona karibu wote walikuwa warushaji wa kuanzia walioshindwa au waliohamishwa. LaTroy Hawkins alianza mechi kwa misimu kadhaa na mwaka 1999 aliruhusu wastani wa pointi 6.66 kwa kila awamu tisa, yaani balaa tupu. Akahamishiwa akiba, akajaribiwa kufunga mechi akashindwa pia, kisha mwaka 2002 na 2003, alipopewa awamu za kabla ya mwisho, wapigaji hawakumpata. Eddie Guardado aliwahi kuwa wa kuanzia. Glen Perkins vilevile. Joe Nathan, tuliyempata kutoka San Francisco baada ya msimu wa 2003 pamoja na wenzake wawili kwa kumtoa mdakaji A.J. Pierzynski, naye alikuwa ameanza mechi nyingi huko alikotoka, na ndiye aliyeondoka hapa na rekodi ya kufunga mechi 260. Duran, Jax na Varland wote watatu walipanda ngazi wakiwa warushaji wa kuanzia. Sababu yake si fumbo: mtu anayejua kwamba atarusha awamu moja tu hana haja ya kuhifadhi nguvu, anabaki na mirusho yake miwili iliyo bora na kuitupa mingine, na mpigaji hamwoni mara ya pili. Ndivyo Duran alivyofikia maili 104 kwa saa.

Ukitaka ushahidi wa upande wa fedha, watazame Dodgers wa Los Angeles. Januari iliyopita walimpa Tanner Scott dola milioni 72 kwa miaka minne ili awafungie mechi, naye akapoteza nyingi mno, na fainali ikachezwa bila yeye. Waliowaokoa katika mtoano ni Roki Sasaki, mrushaji wa kuanzia aliyetoka kuuguza bega, na Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa kuanzia mwingine, aliyemaliza mechi ya saba siku moja tu baada ya kuanza ile ya sita. Mwezi huu wamekubaliana na Edwin Díaz kwa dola milioni 69 za miaka mitatu. Wao wanaweza kukosea mara mbili na kuendelea kuwa mabingwa. Familia ya Pohlad, iliyoimiliki Twins tangu 1984, ikatangaza kuiuza Oktoba 2024, kisha Agosti mwaka huu ikasema inabaki, haitatoa fedha za namna hiyo, nawe unalijua hilo kama ninavyolijua mimi.

Ndiyo maana sina wasiwasi na swali lako la nani atasajiliwa. Watakaosajiliwa watakuwa wazee wawili watatu wa bei nafuu, na mmoja wao atatushangaza. Ninachotazama mimi ni wale vijana wa kuanzia ambao hawatapata nafasi: Zebby Matthews, Simeon Woods Richardson, Abel, Taj Bradley tuliyempata kwa Jax, David Festa aliyemaliza msimu akiuguza bega, na Connor Prielipp, yule mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Wisconsin ambaye kiwiko chake kimeshapasuliwa mara mbili na ambaye, kwa maoni yangu, awamu moja moja ingemfaa kuliko tano. Wawili kati ya hao wakihamishwa mapema, tangu mazoezi ya Februari kule Fort Myers, tutakuwa na kitu. Wakiachwa wakisubiri nafasi ya kuanza hadi Julai, tutaupoteza mwaka mwingine. Hawkins mwenyewe amerudishwa awe kocha wa warushaji wa akiba chini ya kocha mkuu mpya, Derek Shelton, na sidhani kuna mtu anayeweza kumweleza kijana habari hiyo ya kuhamishwa vizuri zaidi yake.

Hofu yangu iko kwingine. Wakimuuza Joe Ryan au Pablo López, warushaji wetu wakuu wa kuanzia, majira haya ya baridi, vijana wote hao watalazimika kuanza mechi, na hapo hakutabaki hata mmoja wa kupeleka akiba. Kwa hiyo usiku ninapofungua simu kutafuta habari za timu, natafuta majina hayo mawili kwanza. Hao wengine unaowataja huwafuata baadaye.

Na kuhusu kuhamia Phillies, nenda ukamtazame Duran, ulipe tiketi yako na ushangilie, sitakuona msaliti. Lakini kumbuka ulikuwa unatazama tarehe 9 Oktoba, awamu ya 11 kule Los Angeles, mpira uliporudi taratibu miguuni mwa Orion Kerkering, mrushaji wenu wa akiba, naye badala ya kuutuma kituo cha kwanza akaurusha nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, ukapita pembeni, na msimu ukaishia pale pale. Ulinipigia simu usiku ule na hatukuzungumza juu ya jambo jingine. Wakati huo Duran alikuwa wenu tayari.

Niandikie unieleze kama unakuja Krismasi, na kama unaafiki juu ya Prielipp. Kuhusu Varland usijaribu kunibadilisha. Koti la baba yako lirudishe.

Mama yako akupendaye.