Yah: Malalamiko kuhusu kazi ya kupanga mteremko wa uwanja, Kinyerezi

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Rejea mkataba tuliosaini mwezi Agosti wa kurekebisha uwanja wa nyumba yangu ili maji ya mvua yasiingie ndani. Sasa vuli imeanza, na maji yanaingia kuliko hata kabla hamjaja. Mama mkwe amefika kutoka Songea, akachungulia dirishani, akauliza mpunga tunapanda lini.

Shida ilikuwa moja na iko kwenye mkataba: ardhi ilikuwa inainamia nyumba. Tulikubaliana udongo uinuliwe ukutani kisha uteremke kuelekea getini, ushuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Mafundi wenu wameuacha uwanja bapa. Mpira wa levo, ule wa maji wa kupimia usawa, sikuuona kabisa. Msimamizi alichuchumaa, akafumba jicho moja, akasema "hapo poa".

Kinachoniuma zaidi ni upande wa jikoni. Mlimwaga mchanga wa kujazia wote kwa mkupuo, wakati kifusi hutandazwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka hushindiliwa. Nilipouliza kompakta iko wapi nikajibiwa kwamba mvua itaushindilia. Ni kweli, umeshindiliwa: umedidimia kando ya ukuta na kuacha mfereji kutoka mlango wa jikoni mpaka dirisha la chumba cha watoto. Maji yakituama humo hayana pa kwenda ila chini kwenye msingi, maana mchanga unayapitisha tu. Juu yake ilipaswa kuwekwa udongo mzito wa mfinyanzi, nao ulikuwemo kwenye makadirio yenu na nimeulipia.

Upande wa sebuleni udongo umepanda kupita jamvi, yaani sakafu ya zege iliyo juu ya msingi, ukafunika lile tabaka la nailoni linalozuia unyevu usipande ukutani. Plasta imevimba, na nyuma ya kochi rangi inabanduka kwa mkono.

Bomba la gata nalo mmeligeuzia kwa jirani. Ni mtu mstaarabu sana, lakini juzi alikuja na mjumbe.

Nikipiga simu ofisini naambiwa fundi yuko saiti. Saiti ipi, sijui, kwangu hayupo.

Naomba ndani ya siku 14 mlete mtu mwenye vipimo, siyo yule msimamizi. Mchanga wa jikoni uondolewe na kujazwa upya kwa kushindiliwa, udongo wa sebuleni ushushwe chini ya jamvi, mteremko ufuate mkataba, na maji ya gata yapelekwe kwenye mtaro wa barabarani. Plasta iliyoharibika ni juu yenu, lakini msiiguse mpaka ukuta ukauke.

Malipo ya mwisho nimeyazuia hadi nione maji yakitoka getini. Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, nitapeleka mkataba na picha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nakala kwa mwanasheria wangu.

Mje asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku, mjionee wenyewe. Na lile rundo la kifusi mlilobakiza nje ya geti lichukuliwe siku hiyo hiyo, gari la taka linashindwa kupita.

Wako,
Mteja, Kinyerezi