Nyayo zikiwaka moto, tupime kabla ya kumeza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye maduka ya dawa hapa Tanga.

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani, hapa Ngamiani, akilalamika nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likimgusa anaumia. Desturi ya maduka mengi ni kumfungashia vitamini B na dawa ya maumivu. Hapo hajapimwa kitu.

Nyuzi nyembamba za neva, zinazopeleka habari za maumivu na joto, huharibiwa na mengi: kisukari kwanza, hata kile kinachonyemelea tu, pombe, VVU, upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata pia wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huziharibu ikitolewa bila vitamini B6. Sasa, B6 hiyohiyo ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva. Mteja anarudi na ganzi zaidi, anaongezewa dozi! Na aliyekwisha kuchomwa sindano za B12, damu yake ikipimwa baadaye itaonekana haina upungufu.

Wanaonisikitisha zaidi ni wale ambao moto haukuanzia vidoleni ukapanda, kama ilivyozoeleka, bali umeanzia usoni, kifuani au mapajani. Hao huambiwa wana mawazo, au wamefanyiwa mambo. Kipimo cha umeme wa neva, kwa aliyebahatika kukipata, huweza kutoka safi kabisa kwa sababu kinapima nyuzi nene tu. Zile nyembamba huhesabiwa kwa hadubini, kwenye kinyama cha ngozi cha milimita 3. Mgonjwa wa namna hii aulizwe kama macho na mdomo vinamkauka, maana kuna ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, na neva pia. Aulizwe kama ndugu zake wanaumwa vivyo hivyo. Mwenye baka lisilohisi joto wala sindano akapimwe ukoma upesi. Dawa zake ni bure.

Kwa hiyo tumwelekeze mteja hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu naye, aende na dawa zote anazotumia, na mitishamba yake asiifiche. Wapo ambao chanzo hakitapatikana hata baada ya vipimo vyote. Hao nao waandikiwe na daktari dawa ya maumivu ya neva, amitriptilini kwa mfano, badala ya kurudishwa kwetu kununua vitamini.

Mfamasia,
Ngamiani, Tanga