Mwanangu, Shavu Lilale Kwanza

Bahi, Dodoma
9 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Mbukwa. Mama yako hajambo, uwele umeshaingia ghalani, na baridi ya mwaka huu ilitutesa mpaka wiki iliyopita. Habari nyingine za nyumbani atakupa mdogo wako. Mimi nimekaa kuandika kwa sababu ya ile picha uliyonitumia kutoka huko Marekani, umeshika bunduki yako ya kushindilia, ile inayojazwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu.

Umeniuliza ununue pete za kimo gani za kushikia darubini, kwa kuwa muuzaji amekupa ndefu na mwenzako wa kazini anasema fupi ndizo sahihi. Nimeikuza ile picha kwenye simu, nikaiacha bunduki, nikautazama uso wako. Kidevu ndicho kinachogusa kitako cha bunduki. Shavu liko hewani, na shingo umeinyoosha kama kanga wa porini anayechungulia juu ya majani. Mwanangu, hizo pete ulizopewa ni ndefu mno kwako.

Unakumbuka gobore la babu yako, lile lenye kibali, alilolindia karanga zisiliwe na ngiri na nyani? Kitako chake kilipinda sana kwenda chini, na ulipokuwa mdogo ulidhani kimevunjika. Hakikuvunjika. Kilengeo chake kilikuwa chembe ya shaba mbele ya mtutu, kwa hiyo jicho lilipaswa kushuka hadi karibu na usawa wa mtutu wenyewe, na aliyekichonga alikiteremsha ili shavu lifike huko bila kukaza shingo. Za viwandani za siku hizi nyingi zimenyooshwa kitako, lakini yako, kwa ninavyoiona, bado ina mteremko. Ukiweka darubini juu ya bunduki ya namna hiyo unalipandisha jicho sentimita kadhaa, na shavu linabaki halina pa kulala. Kila milimita unayoongeza kwenye pete unaitoa kwenye shavu.

Mwenzako anakwambia darubini ikikaa juu risasi itapotea. Kuna ukweli, ila mdogo. Jicho linatazama kwa mstari ulionyooka, risasi inaanzia chini ya mstari huo, inapanda kuukata, kisha inaanguka. Tuseme umeilinganisha bunduki ipige katikati kwenye mita 100. Ukiinua darubini kwa milimita 15, kwenye mita 50 risasi itapiga chini zaidi kwa milimita 7 au 8, na kwenye mita 150 itapiga juu zaidi kwa kiasi hichohicho. Kulungu hataiona tofauti hiyo. Bunduki ya kushindilia ina shida kubwa kuliko hiyo: risasi yake ni nzito na haina kasi ya zile za kisasa, inaporomoka mapema, na hakuna pete itakayoizuia. Dawa ni kukaribia mnyama, na hilo ulijifunza kwetu tangu utotoni. Kwa hiyo wasikutishe na hesabu za risasi. Tazama shavu.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Msimu mmoja nilipokuwa mfuata nyayo wa wawindaji kule pori la akiba la Kizigo alikuja mgeni na bunduki nzuri, darubini yake ina lenzi pana sana na pete ndefu za kuibeba. Kambini alipiga juu ya meza, bunduki imelazwa kwenye mifuko ya mchanga, akijipanga polepole, na matundu yake matatu ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Wote tulifurahi. Lakini nilikuwa nimesimama pembeni yake, na niliona kidevu chake kinaning'inia kama chako kwenye picha. Nikanyamaza. Alikuwa mgeni, nami ni wa nyayo tu.

Siku ya tatu tandala dume akatoka kivulini, mita 80 hivi, akasimama kututazama. Mgeni akainua bunduki. Nikaona kichwa chake kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, kinatafuta picha ndani ya darubini, maana shavu halikuwa na pa kutulia. Tandala akageuka. Risasi ikampata nyuma, tumboni. Tulifuata damu mpaka jua likazama, tukalala njaa, tukaendelea alfajiri. Tulimkuta kabla ya saa nne asubuhi, amelala chini ya mkambala, bado ana pumzi, na masikio yakageukia hatua zangu. Nimeona wanyama wengi wakifa. Yule bado ninaye, kwa sababu niliona kosa kabla halijatokea na sikufungua mdomo.

Na mgeni yule alikuwa na risasi nyingine tayari. Wewe utakuwa na moja. Ukishafyatua, moshi unakuziba macho, na mpaka umimine baruti, ushindilie kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, na uweke fataki ya kuiwasha, mnyama ameshaingia msitu wa pili.

Sasa fanya hivi. Kwanza kabisa, kabla ya kushika bisibisi, ingiza mdeki kwenye mtutu mpaka ufike chini, uone unaishia wapi. Bunduki ikiwa tupu mdeki huzama mpaka kwenye alama yake. Alama ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, kuna kitu ndani. Usiamini kumbukumbu yako wala neno la aliyekuuzia. Babu yako alifanya hivyo kila jioni.

Kisha pima. Darubini yako imeandikwa 40, lakini hiyo ni milimita za kioo cha mbele. Chuma kinachokizunguka ni kipana zaidi, huenda 48, hivyo pima chuma chenyewe. Tuseme ni 48: nusu yake ni 24. Ongeza 3 za nafasi ili kisigusane na mtutu, zinakuwa 27 kutoka mgongo wa mtutu hadi katikati ya darubini. Toa kimo cha reli iliyofungwa juu ya mtutu. Ikiwa reli ni 9, unahitaji pete yenye 18. Mtutu upime pale lenzi itakapokaa, maana mingine hukonda kadiri inavyokwenda mbele. Na kile kilengeo cha nyuma ninachokiona kwenye picha kitakuwa chini ya lenzi kabisa. Kama kitagusa, king'oe, ukihifadhi na skrubu zake.

Hapa ndipo muuzaji na mwenzako wanapopishana bila kujua. Maneno fupi, wastani na ndefu hayana kipimo kimoja. Kiwanda kimoja kinapima kutoka kwenye reli hadi katikati ya pete, kingine kutoka kwenye reli hadi chini ya bomba la darubini. Kama bomba lako ni la milimita 25.4, kati ya vipimo hivyo viwili kuna karibu milimita 13. Uliza wamepima wapi hadi wapi. Ukishafunga, chukua kadi tatu za benki uzipange pamoja, uzipitishe kati ya lenzi na mtutu. Zikipita bila kukwaruza, nafasi inatosha. Kwa sasa kidole chako kizima kinapita.

Kuna jambo moja tu litakalokuzuia kushuka zaidi, nalo ni nyundo. Kwenye bunduki yako iko nje, nyuma ya mtutu, na darubini ikilala chini sana kidole gumba hakitaifikia vizuri. Ukiwa na glavu ndiyo hatari, kwa sababu nyundo inayoponyoka nusu njia inaweza kupiga fataki. Usipandishe darubini kwa ajili hiyo. Yapo madukani makono madogo ya chuma yanayofungwa pembeni ya nyundo ili uivute kutoka kando. Nunua hilo. Hakikisha pia vidole vinaingia kuweka fataki na kutoa iliyolipuka, na ujaribu gizani, maana utakuwa porini kabla hapajakucha.

Halafu vaa lile koti lako nene la baridi. Usicheke, nalimaanisha. Koti linasukuma bunduki mbele, na jicho linakaa mbali kuliko ulipopima umevaa fulana. Ukiwa na koti, fumba macho, pandisha bunduki begani, laza shavu kama unavyolilaza kwenye mto, ndipo ufumbue. Ukiona duara lote limejaa mwanga bila kusogeza kichwa, umefika. Ukilazimika kuinua kichwa, darubini bado iko juu. Ukilazimika kulibana shavu, imeshuka mno. Ukiona kivuli cheusi kimezunguka pande zote, tatizo si kimo: sogeza darubini mbele au nyuma. Acha sentimita 8 hadi 10 kati ya jicho na kioo, kwa sababu bunduki hizi hupiga teke, na nimewahi kumfunga mtu bandeji kwenye nyusi.

Ikiwa hata kwa pete fupi kabisa shavu halijafika, usimlaumu fundi. Ni ule mteremko wa kitako. Kata kipande cha godoro gumu, kifunge kwa ngozi juu ya kitako, ongeza au punguza mpaka kikupokee. Mimi ningetumia ngozi ya mbuzi, lakini huko tumia chochote kisichoteleza kwenye mvua.

Uliandika kwamba jimbo lako linaruhusu darubini katika msimu wa bunduki za kushindilia. Soma tena sheria za mwaka huu kabla ya kununua chochote. Colorado, kwa mfano, kwenye msimu huo hawaruhusu, na huko kila jimbo lina lake.

Ukishafunga, nitumie picha nyingine. Mtu asimame upande wako wa kulia, wewe umevaa koti, macho umefumba, shavu limelala. Nitaikuza nikutazame. Mama yako anauliza kama kulungu wa huko nyama yake inakaushwa.

Baba yako