Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mada kuu ya chama chetu cha wasomaji wa historia mwaka huu ilikuwa bei ya nyama Marekani, 1902 hadi 1921. Wapo waliohofu ingechosha. Mahudhurio yalionyesha vingine.

Tulianzia New York. Mei 1902 ratili ya nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa kanuni za dini ya Kiyahudi, ilipanda kutoka senti 12 hadi 18. Wanawake wa Kiyahudi wa Lower East Side, mtaa wa mji huo, wakagoma kununua, wakazingira mabucha, wengi wakakamatwa, na baada ya wiki chache bei ikarudi senti 14. Wenye mabucha nao walikuwa wamebanwa. Bei ilitoka Chicago kwa makampuni makubwa, Armour, Swift na Morris yakiongoza. Hayo ndiyo yaliyomiliki machinjio na mabehewa ya barafu, na yalikuwa yamekubaliana yasishindane bei kwenye minada ya ng'ombe.

Mwezi huohuo serikali ya Rais Theodore Roosevelt iliyashtaki kwa makubaliano hayo. Hapa ndipo mjadala wetu ulipowaka, maana wengi tulimjua Roosevelt kama kiboko ya makampuni makubwa. Mahakama ilitoa amri ya zuio, na Januari 1905 Mahakama ya Juu ikaithibitisha kwa kauli moja. Lakini tangu 1903, kesi ikiendelea, wakubwa hao watatu walikwisha kuunda kampuni ya pamoja, National Packing. Mwaka 1906 jaji aliwaachia viongozi wao kwa sababu walikuwa wametoa maelezo kwa wachunguzi wa serikali, na 1912, katika kesi nyingine, baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Msimamo wangu haujabadilika: Roosevelt alishinda hoja ya sheria, mnunuzi hakupata nafuu.

Migomo ilirudi 1910, ikianzia Cleveland, Taft akiwa rais. Sidai kwamba nyama ndiyo iliyomwangusha katika uchaguzi wa 1912. Wanachama wa chama chake cha Republican waliogawanyika kati yake na Roosevelt walimfungulia njia Wilson wa chama cha Democratic. Ila gharama ya maisha ilikuwa midomoni mwa kila mgombea, na tuliipuuza mno katika vikao vya mwanzo.

Ada zimelipwa vizuri. Mhazini atasoma hesabu. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuichambue sheria ya 1921, iliyoipa Wizara ya Kilimo mamlaka ya kuyasimamia makampuni hayo na minada ya mifugo. Naomba pendekezo hilo lipigiwe kura leo.