Visukuku vya Ediacara msivitie kapu moja

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kidogo niongelee hizi habari za "mnyama wa kwanza duniani", maana zimezidi sasa, kila baada ya muda gazeti moja au lingine linatoka na kichwa kikubwa kwamba wanasayansi wamethibitisha kisukuku flani (yaani chapa au mabaki ya kiumbe cha kale kwenye jiwe) ni mnyama wa kale kuliko wote, miezi michache mbele kinatoka kingine kwamba wamekosana, na msomaji anabaki anasema aah, hawa jamaa wanabahatisha tu. Hawabahatishi. Shida ni kwamba tunaletewa hukumu bila ushahidi wake, na mbaya zaidi viumbe chungu nzima vinasomewa hukumu moja.

Tunaongelea kipindi cha Ediacara, kama miaka milioni 635 mpaka karibu milioni 539 iliyopita. Viumbe vyenyewe karibu vyote havikuwa na mfupa, gamba wala meno, vilikuwa laini tupu, na kwa kawaida kitu laini kikifa baharini kinaoza na habari yake inaishia hapo. Hivi vilibahatika kwa sababu sakafu ya bahari wakati huo ilitandwa na utando wa bakteria, mchanga ukamwagika juu ukavifukia, utando ukashika umbo kabla havijaoza vikaisha. Kwa hiyo alichonacho mtaalamu mkononi mara nyingi ni chapa tu kwenye jiwe la mchanga. Hakuna jicho, mara nyingi hakuna mdomo wa kuonyesha kidole. Sasa hapo usishangae watu wakibishana.

Na wamebishana kweli. Reg Sprigg alipoziona chapa hizo mwaka 1946 kwenye vilima vya Ediacara, Australia Kusini, alisema ni yavuyavu. Baadaye Adolf Seilacher, Mjerumani, akaja na wazo kwamba viumbe hivi viliundwa kama godoro la upepo lenye mishono na kwamba vingi vyake si wanyama kabisa, ni ukoo wa peke yake uliokufa wote bila kuacha mjukuu, akaupa jina Vendobionta. Gregory Retallack wa Marekani yeye tangu 1994 anasema ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na mwaka 2013 akaongeza kwamba baadhi yake viliishi nchi kavu. Mimi Seilacher namheshimu sana kwa kuthubutu kusema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, ila naona hata yeye kosa lake lilikuwa hilohilo la kapu moja.

Chukua Dickinsonia. Ni bapa, duaradufu, ina mstari katikati na mapande membamba yanayotoka huku na huku, nyingine ndogo kuliko ukucha na nyingine zimepita mita moja, lakini unene ni milimita chache tu. Ukiinama ukaangalia vizuri pale kwenye mstari wa katikati, kwenye vielelezo vingine mapande ya kushoto na ya kulia hayakutani, yanapishana. Kitu kidogo hicho kimegombewa miaka na miaka, kwa sababu mdudu, samaki, mimi na wewe, pande zetu mbili zinalingana, sasa huyu ni mnyama gani ambaye pande zake zinapishana? Wengine wakajibu kwamba mapande yamesogea tu wakati mchanga unamkandamiza. Wengine wakasema basi si mnyama. Kwa kuangalia umbo peke yake wangebishana mpaka leo.

Kilichobadilisha mchezo ni kemia. Ilya Bobrovskiy, akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha taifa cha Australia, alikwenda kwenye magenge ya Bahari Nyeupe kule Urusi, akaning'inia kwa kamba kutoa mawe yenye Dickinsonia ambayo bado ilikuwa na utando mwembamba wa mabaki yake halisi, umri miaka milioni 558. Yeye na wenzake wakapima mafuta yaliyomo. Kwenye kisukuku, mabaki ya jamii ya kolesteroli yalifika mpaka asilimia 93, wakati kwenye jiwe la pembeni yake yaliyotawala ni ya mwani wa kijani. Wanyama ndo wanaotengeneza kolesteroli kwa wingi namna hiyo, na yale mafuta ambayo ungetegemea kuyakuta kwenye kuvu karibu hayakuwepo kabisa. Hiyo ilitoka 2018 na kwangu mimi kesi ya Dickinsonia kimsingi iliishia pale, kuvumwani haipiti tena.

Lakini hapa ndo magazeti yaliponikera, manake mwaka huohuo watu walewale kwa njia ileile walipima kisukuku kingine cha Ediacara, Beltanelliformis, kile cha duaraduara ambacho kuna waliokiita yavuyavu, wakakuta ni makundi ya bakteria. Bakteria! Mnyama akapewa kurasa za mbele na bakteria wakanyamaziwa, wakati ukiziweka habari hizo mbili pamoja ndo unaelewa jambo lenyewe, kwamba ndani ya "Ediacara" kuna wanyama na kuna visivyo wanyama, na ukiuliza "je, hivi vitu ni wanyama au si wanyama" umeshauliza vibaya.

Na hata walio wanyama hawafanani. Kimberella nayo iliwahi kuitwa yavuyavu, mpaka 1997 Mikhail Fedonkin na Benjamin Waggoner walipoonyesha kuwa inafanana zaidi na ndugu wa konokono, na jirani yake kunakutwa mikwaruzo kwenye utando kana kwamba kuna kitu kilikuwa kinaparura chakula. Mwaka 2022 yakapimwa mabaki ya chakula ndani yake ikaonekana ilikuwa na utumbo na ilikula mwani na bakteria. Dickinsonia kwenye utafiti huohuo haikuonyesha dalili ya utumbo, inaelekea ilifyonza chakula kwa mwili wenyewe. Hao wawili waliishi bahari moja.

Kwa wanaodhani kuharakisha kichwa cha habari hakuna madhara, wakumbuke Bhimbetka kule India. Mwaka 2021 Retallack na wenzake walitangaza kuwa kwenye dari la pango pale kuna Dickinsonia, dunia nzima ikaandika, na watu wakaanza kuitumia kujadili umri wa mawe ya eneo lile. Joseph Meert na wenzake wakaenda kukiangalia kisukuku chenyewe, wakakuta kinabanduka na kuoza, ni mabaki ya mzinga wa nyuki. Retallack alikubali bila kelele, na nampa heshima yake kwa hilo. Ila hebu jiulizeni ni magazeti mangapi yaliandika habari ya mzinga kwa ukubwa uleule.

Sasa inayofuata nadhani ni Charnia, ile ya umbo la jani iliyotambulika Uingereza baada ya mwanafunzi Roger Mason kuiona mwaka 1957 katika msitu wa Charnwood (Tina Negus, naye mwanafunzi, alikuwa ameiona mwaka mmoja kabla akaambiwa mawe yale hayawezi kuwa na visukuku). Imeitwa mwani, ikaitwa jamaa wa matumbawe, hilo la pili likapata pigo 2007 ilipoonyeshwa kuwa Charnia huongeza vitawi vipya juu kwenye ncha wakati wale jamaa wa matumbawe huongeza kwa chini, kisha 2021 Frances Dunn na wenzake wakatumia huohuo ukuaji wake kudai kwamba iko upande wa wanyama. Hoja nzuri, mimi inanivutia, ila ni hoja ya umbo. Mawe ya Charnwood yalishapitia joto na mgandamizo mkubwa, hayakuhifadhi mafuta kama yale ya Bahari Nyeupe. Kwa hiyo mkiletewa kesho habari kwamba Charnia "imethibitishwa", kabla hamjaichapa muulizeni aliyeileta imethibitishwa kwa kupima nini.

Wenu msomaji wa kila siku