Januari Unguja, mgeni anapewa epo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mwanzo wa mwaka.

Wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Makete, mara yake ya kwanza kuvuka bahari. Wanawe walimlipia siku mbili katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, apumzike kwanza, ndipo aje kwetu Kizimbani. Alipofika nikamuuliza huko alikula nini. "Wifi, asubuhi walinipa mkate, yai, juisi ya boksi na epo."

Makete wanalima epo. Amepanda boti, amevuka bahari, kisha anawekewa mezani tunda lililo nyuma ya nyumba ya jirani yake. Na ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, embe zinaozea chini ya miti kwa wingi wake, na njia nzima ya kutoka mjini mashokishoki, yale matunda mekundu yenye ganda la nywele nywele, yametundikwa vishada vishada.

Nilipomwambia nitamletea tufaa alisikitika, maana kwao tufaa na epo ni kitu kimoja. Nikamletea la kwetu: jekundu, refu kidogo kama pera, nyama yake nyeupe, maji tele, na harufu ya mbali ya waridi. Alilila kimya kimya, akaomba jingine.

Usiku wa pili tulisikia kishindo shambani. Akashtuka, nikamwambia asiogope, ni doriani. Halipandiwi mtini, likiwiva huanguka lenyewe, na mwenye shamba huamka alfajiri kuliwahi kabla ya watoto wa jirani. Mume wangu, kaka yake huyo huyo, mpaka leo hataki liingie ndani ya nyumba, kwa hiyo tulilipasulia barazani. Wifi alianza kwa kuziba pua, akamaliza kwa kulamba kokwa. Mchana nilimpikia shelisheli la nazi na pweza. Pweza nilimnunua kwa akina mama wa Jambiani, wanaomtafuta miambani kwa kijiti maji ya bamvua yakitoka. Unampiga mpaka alainike, unamchemsha, ndipo unamtia tui zito na ndimu. Jioni tukala urojo kwa muuzaji wa hapa njiani, ule wenye ukali wa embe mbichi, na bajia zake na chatini ya nazi, umesimama na bakuli mkononi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokiona kule hotelini alikolipiwa fedha nyingi.

Sisemi haya kwa kusikia. Nimefanya kazi jikoni mwa hoteli miaka 14 na sababu zao nazijua. Boksi halina msimu. Epo halichafui kitambaa. Fenesi lina utomvu, sharti upake mafuta kisu na mikono kabla hujalipasua, na kijana wa jikoni anaona ni usumbufu. Muuzaji wa shambani leo analeta, kesho haonekani kwa sababu ya mvua. Yote haya ni kweli. Ila ile sababu ya kwamba mgeni hula anachokijua, hiyo naikataa.

Kuna asubuhi moja gari la mizigo halikufika. Nikamtuma kijana kijijini kwa baiskeli, akarudi na mastafeli, papai na pakacha zima la mabungo. Stafeli nikalivuruga kwa mkono nikalichuja. Mabungo nikayakoroga na maji ya vuguvugu na sukari mpaka nyama ikaachana na kokwa, ikatoka ile rangi yake ya manjano iliyokolea. Majagi yalikwisha kabla hatujamaliza kukaanga mayai. Mama mmoja wa Kijerumani aliingia mpaka jikoni, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la kile alichokunywa. Nikamwandikia: bungo. Kesho yake gari lilikuja, maboksi yakarudi mezani.

Na tusiwalaumu wenye hoteli peke yao. Siku hizi hata kwenye harusi zetu za vijijini mgeni anapewa soda, mkate wa kumimina umegeuka keki ya kununua, na nje kidogo ya mji miembe iliyopandwa na mababu inakatwa ipatikane nafasi ya viwanja. Mtoto wa mjini ukimtajia topetope anakuuliza ndiyo nini.

Ombi langu kwa wenye hoteli ni kwamba meza ya asubuhi iwe na matunda angalau mawili ya msimu, yaliyonunuliwa kijiji cha jirani, na kando yake kikaratasi chenye jina la Kiswahili. Wakulima nao wajipange kwa zamu, asipokuwepo huyu awepo yule, ili jiko lisikae likingoja. Na kwako, Mhariri, naomba kila mwezi utupatie pembe ndogo ya gazeti: matunda gani yameingia sokoni Mwanakwerekwe na Jumbi, na kwa bei gani. Huu ni mwezi wa ngapi, na mabungo yamefika au bado, mwenye hoteli akisoma atajua pa kumtuma kijana wake.

Wifi aliondoka na embe za boribo na mashokishoki, pakacha mbili. Amenipigia simu kutoka Makete: majirani wanauliza yale yenye nywele huliwa vipi.

Mpishi mstaafu,
Kizimbani, Unguja